Mutu Aliyekosa Mikimbio Minne

Leo ninataka kuwaelezea habari ya muchezaji mumoja wa Australia. Wengi kati yenu hawajasikia jina lake hata siku moja. Muchezo wake haukuwa mupira wa miguu, ulikuwa kriketi. Tafadhali, musifunge gazeti! Mimi pia, kama mutu angeniambia zamani kwamba nitaandika juu ya kriketi, ningecheka. Lakini habari ya muchezaji huyu ilinifungua macho juu ya mutoto wangu mwenyewe, na tangu siku ile ninaona ni kama niko na deni kwenu.

POINTI MOJA

Mwaka uliopita, mwezi wa saba, mutoto wangu wa tatu alirudi toka masomo na buletini mukononi. Alikuwa kalasi ya tano ya sekondari. Nilikuwa nimekaa chini ya muembe, mama yake anasonga bukari. Alinipa karatasi na mikono miwili, macho yake chini.

"Papa, njo ile nilipata."

Ilikuwa 49 kwa mia. Ili kupita kalasi ilihitajika 50.

Nilisimama. Mbele ya wadogo zake, mbele ya majirani waliokuwa wanapita njiani, nilisema kwa sauti kubwa: "Pointi moya! Ulishindwa kutafuta pointi moya tu? Weye ni mutu wa namna gani?" Nikaendelea na maneno mengine ambayo sitayaandika hapa, maana gazeti hili linasomwa na watoto. Mwisho nikamwambia kwamba mutu wa 49 hawezi kula bukari ya mutu anayetumika.

Usiku ule hakula. Siku ya tatu tuliamuka, kitanda chake hakina mutu. Alichukua nguo mbili na tochi yangu ya zamani. Baada ya juma moja jirani alituletea habari: mutoto yuko ku kariere, pamoja na wachimbaji wa mukono, anabeba mifuko ya mawe.

Ninyi munaokaa katika miji yetu ya shaba na kobalti, hamuhitaji nieleze kariere ni nini. Munajua mashimo yasiyo na miti ya kushikilia udongo. Munajua namna vijana wanavyoshuka asubuhi na namna wengine wasivyopanda mangaribi. Kanisani mwetu tumezika watoto wa watu. Mama yake aliacha kulala. Alikuwa anahesabu majuma yaliyobaki mbele ya mvua ya kwanza.

Mutaniuliza: juu ya nini ulikasirika vile kwa pointi moja? Nami nilijiuliza. Nilitumika miaka mingi katika mine, na kule kila kitu ni hesabu. Tani ngapi zilitoka? Mawe iko na shaba kiasi gani kwa mia? Saa ngapi mashini ilisimama? Mwisho wa mwezi bakubwa wanaandika hesabu ubaoni, na hesabu ile inasema kama weye ni mutu ama si mutu. Kisha kazi iliisha. Leo mimi ni mulinzi wa usiku kwa depo ya Muhindi mumoja. Matumaini yangu yote nilikuwa nimeyaweka juu ya karatasi ya mutoto huyu. Ilipokosa pointi moja, niliona ni mimi tena niliyeandikwa vibaya ubaoni.

MUCHEZO WA SIKU TANO

Patron wangu anapenda kriketi sana. Usiku, wakati anangojea kamiyo zifike, anakaa karibu na mulango wa depo na kuitazama katika simu. Mwanzoni nilimucheka moyoni. Mechi kubwa za mataifa, zinazoitwa Testi, zinaweza kuchukua siku tano! Na katikati wachezaji wanapumuzika kunywa chai!

Alinielezea pole pole. Kila ekipe iko na watu 11. Nyuma ya mupigaji wanasimamisha vijiti vitatu. Murushaji anatupa mupira ili avunje vijiti vile, na mupigaji anavilinda kwa ubao mupana. Akipiga mupira ukaenda mbali, yeye na mwenzake wa upande wa pili wanakimbia na kubadilishana nafasi. Ule ni mukimbio mumoja. Mupira ukifika mupaka wa kiwanja, wanamuhesabia mikimbio minne bila kukimbia. Lakini vijiti vikivunjwa na mupira, amekwisha. Anaondoka kiwanjani, hata kama amepata 100, hata kama ni zero.

Ili kujua mupigaji ni mutu wa nguvu gani, wanachukua mikimbio yote ya maisha yake na kuigawanya na mara alizotolewa. Ni ile watoto wa masomo wanaita moyene. Mutu anayefika 50 katika mechi za Testi anahesabiwa kati ya wakubwa. Wale wachache sana waliocheza miaka mingi na kufika karibu na 60 ni kama wafalme.

Usiku mumoja patron aliniuliza: "Muzee, siku hizi unanyamaza sana. Kuna nini?" Nilimwambia habari ya mutoto na ya 49. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Muzee, keti. Kuna mutu alikosa mikimbio minne, na dunia yote inamukumbuka."

MUTOTO WA SEREMALA

Jina lake ni Donald Bradman. Alizaliwa tarehe 27 mwezi wa 8, mwaka 1908, katika muji mudogo wa Cootamundra, na akakomaa katika muji mwengine mudogo, Bowral. Baba yake alikuwa seremala.

Vijana, sikieni namna alivyojifunza. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa tanki la maji ya mvua, limesimama juu ya matofali. Hakuwa na kiwanja wala mwalimu. Alichukua mupira mudogo wa golfu, na kijiti kimoja chembamba cha kriketi kikawa ubao wake. Alikuwa anautupa mupira kwenye matofali yale, nao unarudi haraka, mara kushoto, mara kuume, bila kutoa habari. Naye anajaribu kuupiga na kijiti kile. Siku kwa siku, peke yake. Alipokuwa na miaka 12, akichezea masomo ya Bowral, alipata mikimbio 115 na hakutolewa.

Musifikiri njia ilinyooka. Mechi yake ya kwanza ya Testi, mwaka 1928 kule Brisbane, alipata 18, kisha 1. Wakamuondoa! Mechi iliyofuata hakuchezeshwa. Waliporudi kumuita ya tatu, kule Melbourne, alipata 79 na 112.

Mwaka 1930 alienda Uingereza na ekipe yake. Tarehe 11 mwezi wa 7, kule Leeds, alipata mikimbio 309 kwa siku moja. Hakuna mutu mwengine aliyeyafanya katika Testi hata leo. Kesho yake aliendelea mupaka 334. Katika mashindano yale ya mechi tano alikusanya 974.

Waingereza walitafuta dawa yake. Walipokuja Australia mwaka 1932, kapiteni wao Douglas Jardine aliamuru warushaji wake, na zaidi Harold Larwood, watupe mupira kwa nguvu kuelekea mwili wa mupigaji. Watu waliumizwa, na mataifa mawili yakagombana. Mupira wa kwanza kabisa aliorushiwa Bradman katika mashindano yale ulivunja vijiti vyake. Zero, mbele ya maelfu ya watu! Alipopiga tena katika mechi ile ile, alipata 103 na hakutolewa. Moyene yake ya mwaka ule ilikuwa zaidi ya 56. Kwa mutu mwengine wangefanya karamu. Kwake walisema: ameanguka.

Ndugu musomaji, unaona namna gani hesabu inageuka kuwa kamba ya shingo?

99,94

Ilikuwa mwaka 1948. Bradman alikuwa na karibu miaka 40, kapiteni wa ekipe ambayo haikupigwa hata mara moja katika safari yake yote ya Uingereza. Tarehe 14 mwezi wa 8, kule London, katika kiwanja cha The Oval, aliingia kucheza Testi yake ya mwisho. Kapiteni wa Waingereza, Norman Yardley, alikusanya watu wake wakamushangilia mara tatu.

Mupaka saa ile, mikimbio yake yote ilikuwa 6996, na alikuwa ametolewa mara 69. Kama angepata minne tu, moyene ya maisha yake ingekuwa 100 kamili.

Murushaji aliitwa Eric Hollies. Mupira wa kwanza Bradman aliuzuia. Wa pili ulizunguka kwa namna asiyoingojea, ukapita kando ya ubao wake na kugonga vijiti. Zero. Aligeuka na kurudi. Na kwa sababu Australia ilishinda bila kuhitaji kupiga mara ya pili, hakupata nafasi nyingine.

Tukamate karatasi na kalamu: 6996 ukigawanya na 70, unapata 99,94. Ile hesabu imeshikamana na jina lake sawa kivuli. Redio ya taifa ya Australia ilichukua hata sanduku la posta namba 9994 kwa kumukumbuka. Kuna wapigaji waliokusanya mikimbio mingi kupita yake, sababu siku hizi wanacheza mechi nyingi zaidi. Lakini ile moyene, hakuna aliyeikaribia.

Nilimuuliza patron: "Sasa ile minne ilienda wapi?" Akacheka: "Unaona, weye pia unaitafuta!" Kisha alinielezea mambo mawili ambayo sikuyasahau.

La kwanza. Siku Bradman alipotolewa, mwenzake wa upande wa pili alikuwa Arthur Morris. Katika mechi ile Morris alipata mikimbio 196. Watu wengi wanakumbuka zero ya mukubwa, lakini 196 ya mutu aliyekuwa karibu naye wameisahau.

La pili. Karibu majuma matatu mbele yake, kule Leeds, Australia ilihitaji 404 siku ya mwisho ili kushinda. Bradman alipiga 173 na hakutolewa. Mwishoni ilibaki pigo moja tu. Mupira ule haukurushwa kwake, ulirushwa kwa kijana wa miaka 19, Neil Harvey, aliyekuwa anacheza Testi yake ya kwanza juu ya Waingereza. Kijana akaupiga mupaka kwenye mupaka. Minne! Australia ilishinda. Kama pigo lile lingekuwa la Bradman, angemaliza na 100 kamili. Lakini siku ile hakuna aliyelia. Ekipe yote ilifurahi sababu mutoto alipiga vizuri.

Niliwaza sana usiku ule, bunduki ya kazi kando ya kiti changu. Ile minne haikupotea. Ilikuwa mukononi mwa kijana.

NYUMBANI MWAKE

Kijana mumoja wa kanisa letu anayejua Kiingereza alinisaidia kutafuta habari zaidi. Nilitaka kujua: mutu wa hesabu kubwa namna ile, nyumbani kwake aliishi namna gani?

Bibi yake aliitwa Jessie. Walijuana tangu utoto na kuoana mwaka 1932. Mwaka 1934 Bradman alishikwa na ugonjwa wa tumbo kule London, karibu afe, na Jessie alisafiri toka Australia kumufuata. Mwaka 1936 mutoto wao wa kwanza alikufa akiwa muchanga kabisa. Majuma machache nyuma yake Bradman aliingia kiwanjani kama kapiteni mupya. Ekipe yake ilipigwa mechi mbili za kwanza, naye akapata zero mara mbili. Magazeti yalisema hajui kuongoza. Lakini katika mechi tatu zilizobaki alipata 270, 212 na 169, na Australia ikashinda zote tatu.

Binti yao alizaliwa na ugonjwa wa ubongo unaozuia viungo. Mutoto wao wa kiume alishikwa na polio, kisha akapona. Na huyo mutoto wa kiume, alipokuwa mutu muzima, mwaka 1972, alibadilisha jina lake. Jina la baba lilikuwa limemulemea. Kila mahali alipoingia, watu walimutazama kama mutoto wa 99,94. Ni nyuma ya miaka mingi ndipo alipolirudia jina lile la kwao.

Wazazi wenzangu, pale nilisimama kusoma. Mutu huyu hakumutukana mutoto wake kama mimi. Hesabu yake peke yake ilitosha kumulemea mutoto. Sasa sisi tunaoongeza na matusi juu yake?

Sitaki mufikiri kwamba Bradman alikuwa mutakatifu. Wachezaji wengine wa ekipe yake hawakumupenda, walisema anajitenga. Lakini kuna neno moja tunaloweza kumushukuru sisi Waafrika. Mwaka 1971, alipokuwa mukubwa wa shirika la kriketi la Australia, safari ya ekipe ya weupe wa Afrika ya Kusini ilifutwa, sababu ya ubaguzi wa rangi. Na mwaka 1986, Nelson Mandela akiwa bado gerezani, alitembelewa na Malcolm Fraser, aliyekuwa waziri wa kwanza wa Australia zamani. Mandela alimuuliza kama Bradman angali muzima. Bradman alikufa tarehe 25 mwezi wa 2, mwaka 2001, akiwa na miaka 92.

KONDOO WA MIA

Siku ya Mungu iliyofuata, muhubiri alifundisha mufano wa muchungaji mwenye kondoo mia aliyepotewa na mumoja. Mufano ule ninaujua tangu utoto. Lakini siku ile niliusikia vingine. Muchungaji yule naye alihesabu, na hesabu yake ilikuwa 99. Naye aliona kwamba kuna kimoja kinakosekana, sawa mimi nilivyoona pointi moja inakosekana. Tofauti ni nini? Yeye alienda kutafuta. Na alipomupata, hakumupiga mbele ya majirani. Alimubeba mabegani, na majirani akawaita kwa furaha.

Nilirudi nyumbani, nikamwambia bibi yangu: "Mama Kapinga, funga bukari na samaki. Kesho ninaenda."

KU KARIERE

Nilipanda basi, kisha taksi-moto, kisha nikatembea kwa miguu karibu saa mbili. Nilimukuta mwezi wa kumi, vumbi mwili wote, mikono imepasuka. Aliponiona aliweka mufuko chini, akarudi nyuma kidogo.

"Papa, ulikuya kunichapa?"

"Hapana. Nilikuya kukuelezea habari ya mutu mumoja."

Tuliketi juu ya mifuko ya mawe. Alikula samaki ya mama yake, mimi nikaeleza. Tanki la maji, mupira mudogo, 309 kwa siku moja, kisha mwaka 1948. Nilipofika pale aliacha kutafuna.

"Mutu mukubwa vile, zero?"

"Zero. Ku mupira wa pili."

Alinyamaza. Halafu akaniuliza neno ambalo watoto wangu hawajaniuliza hata siku moja: "Na weye Papa, ku masomo ulipata ngapi?"

Wasomaji wapenzi, watoto wangu siku zote wanajua kwamba niliacha masomo sababu baba yangu hakuwa na pesa. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Niliacha sababu nilishindwa kalasi ya tatu, na pesa ya kurudilia haikuwako. Nilikuwa na 46. Ile hesabu niliificha zaidi ya miaka 30.

"46," nikamwambia.

Alinitazama. Kisha akacheka polepole: "Basi nilikupita pointi tatu."

Tulicheka sisi wawili mupaka wenzake wakageuka kututazama. Kisha nilimuomba musamaha kwa maneno niliyoyasema chini ya muembe. Hilo ndilo lilikuwa gumu, kupita kutembea ile saa mbili.

Hakurudi nami siku ile. Alikuwa na deni ya chakula kwa mukubwa wa shimo, alitaka kuilipa kama mutu muzima. Niliondoka peke yangu, bila kuangalia nyuma, sababu macho yangu hayakuwa mazuri. Nyuma ya majuma matatu, siku ya Mungu asubuhi, tulisikia mulango wa lupango. Aliingia, akaweka tochi yangu juu ya meza, akamwambia mama yake: "Pili yake imeisha." Mvua ya kwanza ilinyesha siku ine nyuma yake.

Mwaka huu anarudilia kalasi ya tano. Kama atapata 50, sijui. Nilitia mapili mapya katika tochi, lakini siendi nayo kazini. Ninaiacha juu ya meza yake, yeye anasoma nayo wakati kura inakatika. Mimi ninalinda depo katika giza, patron ananicheka.

Vijana, musisome habari hii na kusema: basi masomo si kitu. Bradman hakufika 99,94 kwa kulala. Alipiga ule mupira kwenye matofali siku ambazo hakuna mutu aliyekuwa anamuona. Fanyeni vile. Na siku mutakapopata zero, rudini nyumbani.

Wazazi, buletini zitafika tena mwezi wa saba. Mbele ya kusoma hesabu, mutazame kwanza uso wa mutoto aliyeileta. Na kama muko na 46 yenu muliyoificha, mumwambie. Mungu awabariki katika nyumba zenu.